Kifungu cha Tisa

Mkataba ule niliuchapa mimi.
Kurasa sita, elfu moja kwa ukurasa,
kwenye kibanda changu nyuma ya soko la Majengo,
siku ambayo upepo wa Julai uliingiza vumbi
hadi kwenye meno ya kibodi.

Promota alisimama nyuma ya kiti changu,
anatafuna zabibu, anatemea kokwa kiganjani.
"Andika: raundi kumi, kilo sitini na moja.
Atakayezidi uzito akatwe asilimia ishirini.
Andika: sitini kwa bingwa, arobaini kwa mpinzani,
baada ya kutoa glovu, daktari, kibali, waamuzi, ukumbi, maji."
Maji pia? nikauliza.
"Maji pia."

Kifungu cha tisa alikitaja polepole,
kama anayepita kando ya mbwa aliyelala:
bingwa akipoteza, marudiano ni lazima,
ndani ya siku tisini, kwa mgawo uleule.
Nikangoja sentensi ya pili.
"Weka nukta," akasema.
Nikaweka nukta.

Ndahani Chilemba alikuja na basi la asubuhi kutoka Bahi,
visiginoni tope kavu la majaruba.
Hakusoma. Alisaini wima,
swali lake moja tu: nauli ya kocha imo?
Kalamu ya kwanza ilikataa kuandika.
Nikampa ya pili.

Oktoba, bwalo la Makole, mnajua yaliyotokea.
Raundi ya saba, mkono wa kushoto wa Ndahani
ulimkuta Swalehe Isangu wa Kondoa akivuta pumzi,
akaketi ulingoni taratibu
kama mtu aliyekumbuka jambo la nyumbani.
Bahi walipika wali usiku wa manane.
Kila mtoto alipiga picha na mkanda.
Hakuna aliyeupiga picha ule mfupa mdogo
chini ya kidole gumba, uliopasuka.

Daktari alisema miezi sita.
Promota alisema kifungu cha tisa.
Januari Ndahani akapanda tena,
bandeji juu ya bandeji ndani ya glovu,
akapigana raundi zote kwa mkono mmoja,
ule mwingine akiutumia kama mlango, wa kufunga tu.
Majaji wawili kwa Swalehe, mmoja sare.
Jicho la kulia la Swalehe halikuulizwa.

Ya tatu ilikuwa zamu ya nani kuidai?
Nilifungua faili, nikatafuta neno "mpinzani".
Mpinzani atafika. Mpinzani atapimwa. Mpinzani hatadai.
Nikatafuta "bingwa":
mapambano yake matano yajayo ni mali ya promota.
Nilikuwa nimeyachapa yote haya
nikiwaza mboga ya jioni.

Juzi wakaja. Si pamoja:
Ndahani alitangulia na nakala yake iliyokunjwa mara nane,
Swalehe akaingia kutoa fotokopi ya cheti cha macho.
Wakasimama kwenye chumba cha hatua tatu
na feni yangu inayogeuza shingo
ikamtazama huyu, ikamtazama yule.

Sijui nani alisema kwanza.
Ninachojua, Swalehe hakuweza kuona herufi,
Ndahani hakuweza kushika kalamu,
basi mmoja akasoma na mwingine akaandika,
barua kwa kamisheni, kurasa mbili.
Walishindana kwa jina tu, nani aanze.
Nikasema tufuate alfabeti: N kabla ya S.
"Basi tumia majina ya koo," akasema Swalehe.
Chilemba. Isangu.
Akanyamaza, kisha:
"Hata alfabeti ina promota."

Elfu mbili, nikawaambia.
Swalehe akaweka elfu na mia mbili mezani.
Ndahani, kwa mkono wa kulia, akahesabu mia nane.
Hawakutazamana, wala hawakuelewana kabla;
mikono ilijizoelea yenyewe.

Nilizipokea. Nina kodi ya kibanda.
Ila karatasi ya mia tano aliyonipa Ndahani
bado sijaitumia,
na hiyo pia hakuna kifungu kinachonitaka niieleze.